Mimea 11 niliyoua, na video mliyoipenda

Wenye mmekuwa hapa tangu mwaka jana mnaikumbuka ile video. Korido ya ofisi fulani hapa Kisii mjini, kuta nyeupe, vyungu vya mawe ya Tabaka vimepangwa kutoka mlangoni hadi mwisho, kijani kila upande, na mimi natembea katikati nikieleza mambo kama mtu aliyesomea hii kazi. Hakuna video yangu imewahi kutazamwa kama hiyo. Mpaka leo bado kuna mtu ananiandikia kwa inboksi: "Sis, ulinunua wapi hizo mimea? Nataka saluni yangu ikae hivyo."

Sasa nawaambia kitu ambacho sikuwaambia wakati ule. Kwa hiyo korido kulikuwa na mimea 14. Wiki saba baada ya video, 11 ilikuwa imekufa. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu, na pia, wacha niseme ukweli wote, kwa sababu ile video ilikuwa bado inaniletea watu.

Siandiki hii ndio mnihurumie. Naandika kwa sababu naona venye mambo yanaenda. Kila mkahawa mpya, kila kinyozi, kila kliniki kati ya hapa na Keroka sasa inataka kijani ndani, na vijana wengi tumeanza kuuza hiyo kazi. Ukikosea hapa, umekula pesa ya mtu. Mimi nilikula.

Mimi ni wa Nyamira, upande wa Kebirigo. Kule ukitoka nje asubuhi unaona majani chai mpaka macho yachoke. Nilipomaliza Fomu Foo, karo ya chuo ikawa hadithi ya kila mwaka, basi nikashuka Kisii kumsaidia Anti kwa saluni yake. Saluni iko ghorofa ya kwanza, si mbali na Daraja Mbili, na ina dirisha moja kubwa linalotazama mashariki.

Siku moja mteja akaacha kijiti cha ule mmea unaotambaa, wenye majani ya umbo la moyo, pothosi. Nikakitia kwa chupa ya maji. Kikatoa mizizi. Nikakipanda kwa mkebe wa rangi, na baada ya miezi minne kilikuwa kimezunguka kioo chote. Nikaongeza mmea wa nyoka, ule wenye majani yamesimama kama panga. Nikaongeza mpira. Yote ikakubali. Wateja wakawa wanasukwa, halafu wanapiga picha na kioo kuliko na nywele zenyewe. Anti akaniambia, "Wewe mtoto, mkono wako unakubaliwa na udongo." Nikaamini. Haikuniingia kwa akili kwamba ni dirisha lililokuwa likifanya kazi, mimi nikichukua sifa.

Nikaposti picha za saluni. Ndio Madam mmoja akanipigia simu. Ana ofisi yake mjini, sitaitaja, na hakuna kosa lolote alilofanya kwenye hii hadithi. Alitaka mimea 14 kwa mapokezi na korido. Akanitumia KSh 28,000 kwa M-Pesa, na tukakubaliana KSh 4,000 kila mwezi za kuitunza.

Hesabu yenyewe mtaiona ilivyokuwa. Mimea 14 kwa KSh 700 kila mmoja, hiyo ni 9,800. Vyungu vya mawe, vidogo kwa vikubwa, 11,000. Usafiri 1,200. Ikabaki 6,000, na hiyo 6,000 haikulala kwangu hata usiku mmoja. Ndugu yangu mdogo alikuwa amerudishwa nyumbani juu ya karo. Nikaituma yote.

Kwa orodha ya Madam kulikuwa na kitu kinaitwa spaida planti. Nikapigia Mama simu kumuuliza kama kuna mtu kule kwetu anayo. Mama akacheka, akasema ipo tele. Kesho yake matatu ikaniletea furushi la chinsaga. Si uongo! Watu wa kilimo wakija kufundisha kwa vikundi vya akina mama, hilo ndilo jina wanalotumia kwa Kizungu. Kumbe lile la maofisini ni mmea mwingine kabisa, wa majani marefu membamba yenye mstari mweupe katikati, unaoning'iniza vitoto vyake hewani. Tulikula ile chinsaga na Anti siku mbili. Hiyo ndiyo faida pekee isiyo na deni niliyopata kwa ile kazi.

Mimea yenyewe niliinunua kwa kitalu kimoja cha kando ya barabara. Ilikuwa nje juani, inang'aa. Nikaipakia asubuhi, na saa nane mchana ilikuwa tayari imepangwa kwa korido ya Madam. Fikasi mbili kubwa mwisho kabisa, mpira pembeni, pothosi juu ya kabati, mitende midogo kwa mstari. Korido ilikuwa na kiza kidogo, kwa hiyo nikatoa taa yangu ya duara, ile ya kurekodia, nikaiwasha. Kila jani likang'aa. Nikarekodi. Nikazima taa, nikaikunja, nikaenda nayo.

Hebu rudia hiyo sentensi ya mwisho polepole. Mimi iliniuma miezi baadaye. Mwanga mliouona kwa video ulikuwa wangu, na niliondoka nao.

Wiki ya kwanza, fikasi zikaanza kumwaga majani. Nikaenda kwa intaneti. Jamaa mmoja wa Marekani, nyumba yake ina madirisha kutoka chini hadi dari, akasema huo ni mshtuko wa kuhama, mwagilia tu. Nikamwagilia. Wiki ya tatu majani ya pothosi yakawa ya njano. Mwingine akasema njano ni kiu. Nikamwagilia tena. Wiki ya tano kukawa na vijiinzi vyeusi vidogo vinaruka kwa mapokezi, vinaingia kwa chai za wateja. Wiki ya saba Madam akaniita. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliniambia, "Msichana wangu, niondolee hizi. Vyungu uache."

Nikaingoa mmoja mmoja mbele ya wateja, nikaitia kwa gunia. Mitatu ilikuwa bado hai, mimea ya nyoka miwili na ZZ mmoja, nikaiacha palepale karibu na mlango. Ile 11 nikapanda nayo matatu ya Nyamira kwa sababu sikutaka Anti aione. Makanga akauliza, "Hiyo ni chakula ya ng'ombe?" Nikamlipa nauli ya gunia, nikatazama nje.

Tata, yaani baba yangu, ana kitalu kidogo cha chai nyuma ya nyumba. Amekuwa akikuza miche tangu sijazaliwa. Anakata kijiti cha chai chenye jani moja, anakisimamisha kwa karatasi ya nailoni iliyojaa udongo, anakifunika, anakiwekea kivuli. Nilipofika na gunia langu alikuwa huko amechuchumaa. Hakuuliza kwa nini nimekuja katikati ya wiki. Alitoa fikasi moja kwa gunia, akabana udongo kwa mkono. Maji yakatoka katikati ya vidole. Akanusa mizizi, akanipa na mimi ninuse. Harufu ilikuwa ya mtaro.

"Omwana one, hii haikufa kwa kiu," akasema. "Ilikuwa imepandwa kwa nini?"

"Kwa vyungu vya mawe, Tata. Vya Tabaka."

"Vina matundu chini?"

Nikanyamaza. Yale mawe ya Tabaka ni laini, ndio maana mafundi wa kule huyachonga vizuri hivyo, lakini chungu kikitoka kwa fundi huwa kimeziba kabisa chini. Ni chombo cha urembo. Udongo wa juu unakauka, unaona vumbi, unafikiri mmea una kiu. Kumbe chini kuna kidimbwi, mizizi imekaa ndani, haipati hewa, inaoza. Ikishaoza haiwezi kuvuta maji tena, kwa hiyo majani yananyauka kama ya mmea wenye kiu. Wewe unaona kunyauka, unaongeza maji. Yaani unaua huku ukidhani unaokoa.

Tata akachukua karatasi moja ya mche wa chai, akaigeuza chini juu anionyeshe. Maji yana pa kutokea. "Hata mimi mtu wa shamba natoboa," akasema.

Halafu akaniuliza ilitoka wapi kabla ya kuingia ofisini. Nikamwambia kitaluni, juani. Ilichukua siku ngapi kuzoea kivuli? Nikamwambia masaa. Alitikisa kichwa, akanipeleka kwa miche yake iliyokuwa karibu kwenda shambani. Ile nailoni ya kufunika haiondoi mara moja. Anafungua kidogo, anaacha, baada ya siku kadhaa anafungua zaidi, mpaka mche uzoee hewa ya nje na jua. Wiki kadhaa za kuzoesha. Mimi nilifanya kinyume, nikatoa mmea juani nikauingiza gizani siku hiyohiyo. Fikasi hasa haivumilii hilo. Inamwaga majani iliyotengeneza kwa mwanga mwingi kwa sababu hayana kazi tena pale ulipoipeleka.

Nilitaka kulia, si kwa sababu ya mimea. Nilikuwa nimetafuta hayo majibu kwa simu wiki saba, na mtu aliyekuwa nayo alikuwa Kebirigo, hana hata simu ya kugusa, na haikunijia kumuuliza kwa sababu nilidhani yeye ni wa chai na mimi ni wa maofisi.

Kabla niondoke akauliza swali la mwisho. "Kwa hiyo ofisi, hiyo mimea ilikuwa ya nani?"

"Ya Madam."

"Nauliza nani alikuwa anaimwagilia."

"Mimi, Jumatatu na Alhamisi."

"Peke yako?"

Nikasema ndiyo. Lakini swali likanisumbua njia yote. Jumatatu nikaenda kwa ofisi ya Madam kuomba msamaha, na nikamuuliza mama anayefanya usafi pale. Akaniambia kwa roho safi kabisa kwamba alikuwa anazimwagilia kila asubuhi akipiga deki. "Nilikuwa nazihurumia, zilikuwa zinanyauka." Mlinzi naye alikuwa anamwagilia jioni, wakati amebaki peke yake. Kijana wa hesabu akakubali kwamba chai iliyobaki kwa kikombe alikuwa anaimwaga kwa ule mpira, sukari na maziwa ndani, na hapo ndipo nikajua vijiinzi vilikuwa vinafurahia nini. Wikendi wateja walimalizia soda humo. Watu wanne au watano walikuwa wanapenda ile mimea, na kila mmoja alifikiri wengine wameisahau. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituimbia miaka minne kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nilipata alama nzuri kwa methali, na sikuijua mpaka siku hiyo.

Sasa maoni yangu, maana mnajua siandiki bila maoni.

Watu husema mimea ya maduka na maofisi hufa kwa kukosa mtu wa kuijali. Kwa yale nimeona, mingi inakufa kwa sababu haina mwenyewe. Nyumbani kuna Mama, na mmea ni wake, ukigusa unaulizwa. Kwa biashara mmea ni wa kampuni, yaani ni wa kila mtu anayepita na kikombe. Kwa hiyo siku hizi, kabla sijasema bei, ninauliza swali la Tata: nani atamwagilia? Nataka jina la mtu mmoja. Inaweza kuwa mimi, inaweza kuwa mama wa usafi, na akiwa yeye nataka alipwe kitu juu ya mshahara, kwa sababu hiyo ni kazi. Naandika jina kwa karatasi ndogo na kuibandika kwa chungu. Kazi nne ninazo sasa, zote zina hiyo karatasi. Kwa kinyozi mmoja hapa Jogoo wameandika "Ukimwaga soda hapa unalipa kunyolewa mara mbili." Mpaka leo hakuna amemwaga.

La pili ni mwanga. Macho yetu yanatudanganya. Jua la saa sita nje linafika karibu laksi 100,000, na laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Ofisi yenye taa nzuri huwa na 300 hadi 500. Korido huwa chini ya hapo. Jicho linajirekebisha, unaona kawaida, lakini mmea unakula huo mwanga, na umeupeleka kwa sahani tupu. Kipimo changu hakihitaji kifaa: weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka mmea, inua mkono juu yake kama shubiri moja na nusu, bila taa ya duara ya mtu. Kivuli kikiwa na kingo kali, hapo weka karibu chochote. Kikiwa hafifu, weka mmea wa nyoka au ZZ. Hakuna kivuli kabisa? Usiweke mmea. Na upime mara mbili, asubuhi na saa kumi jioni, kwa sababu si mnajua Kisii, mchana mawingu yakifunga unaweza kudhani ni saa moja usiku.

La tatu, maji. Kidole ndani ya udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, rudi siku nyingine. Usifuate ratiba ya video ya mtu wa nchi ya joto kavu. Kisii mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, Nyamira iko juu zaidi, na mwezi wa nne hata nguo zilizofuliwa zinamaliza siku mbili kwa kamba. Udongo wa chungu nao ni hivyohivyo. ZZ ina vitu kama viazi chini ya udongo, inaweka maji humo, na inaweza kukaa wiki tatu bila wewe.

La nne, vyungu vya Tabaka. Endeleeni kununua, tafadhali! Ni kazi ya watu wetu na hakuna chungu cha plastiki kinachokaribia urembo wake. Lakini acha mmea ndani ya mkebe wake wa nailoni au plastiki wenye matundu, halafu uutie huo ndani ya chungu cha mawe. Siku ya maji unautoa, unaumwagilia nje, unauacha uchuruzike, unaurudisha. Au omba fundi akitoboe, jiwe ni laini, drili ya kawaida inapita. Halafu weka kisahani chini.

La tano ni uongo tunaouza. Kuna sentensi ilikuwa kwa kila tangazo langu: "Mmea huu unasafisha hewa ya ofisi yako." Asili yake ni utafiti wa NASA wa mwaka 1989, ambapo mimea iliwekwa kwenye visanduku vilivyofungwa kabisa. Duka lako si kisanduku. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia majaribio mengi ya aina hiyo, wakapata kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita mraba ndio ifanye kazi sawa na hewa inayoingia na kutoka tu kwa jengo. Hiyo si saluni tena, ni msitu. Nimefuta ile sentensi. Nikiulizwa faida, nasema mahali panapendeza na mteja anangoja bila kununa. Inatosha.

Na kama ni kliniki au mkahawa unaopokea watoto, jua kwamba pothosi, ZZ na dumbkeini, ule wa majani makubwa yenye madoa meupe, utomvu wake unawasha mdomo na koo ukitafunwa. Weka juu, mkono wa mtoto usifike.

Kitu kimoja kinanichekesha bado. ZZ huota yenyewe porini hapa Kenya na Tanzania. Waholanzi wakaanza kuizalisha kwa wingi kwenye vitalu vyao miaka ya 1990, ikasambaa dunia nzima, na sasa tunaiuziana hapa kama kitu kilichokuja na ndege. Ile drasena inayokaa mapokezi ya mahoteli makubwa, yenye majani kama ya mahindi, Wachaga wa Kilimanjaro huiita isale. Kwao ndiyo inayoonyesha mpaka wa shamba, na jani lake hubebwa mtu anapokwenda kuomba msamaha. Ningejua mapema, ningempelekea Madam jani.

Sikupeleka jani. Nilipeleka pesa. Mimea 11 kwa KSh 700 ni 7,700. Nikauza taa yangu ya duara kwa 2,500, ndio maana tangu mwaka jana video zangu zimekuwa na giza na mmekuwa mkiniuliza kulikoni. Iliyobaki 5,200 nililipa kidogokidogo miezi minne. Malipo ya mwezi wa pili wa utunzaji sikuyaomba. Madam alijibu ujumbe wa mwisho: "Nimepokea. Asante kwa ukweli." Hajawahi kuniita tena, na sina neno.

Nilipita pale juzi. Kwa korido ameweka maua ya plastiki ndani ya vile vyungu vya mawe. Kuna mtu atategemea niyacheke. Siyacheki. Ile korido haina kivuli cha mkono hata saa sita mchana, na mtu mwaminifu angemwambia hivyo tangu siku ya kwanza: weka mitatu mlangoni, korido itundikie picha, baki na KSh 20,000 zako. Mwezi uliopita mwenye saiba moja ya chini ya ardhi aliniita, nikampimia, nikamwambia hapana, asinunue. Alinicheka, akatafuta mwingine. Nilihitaji hiyo kazi, sitawadanganya. Ndugu yangu bado yuko shule.

Kwa sensa ya 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 957 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira 675. Shamba la Tata ni chini ya ekari moja na ana vijana wawili. Mimi sijawahi kuuliza langu liko wapi, ingawa najua sheria inasema nini. Lakini tangu ile siku ya gunia, akipiga simu Jumapili kwa simu yake ya kubonyeza, baada ya salamu huniuliza, "Shamba lako linaendeleaje?" Anamaanisha vile vyungu 23, kwa kinyozi, kwa saluni ya Anti, kwa mkahawa mmoja Nyamira na kwa duka la miwani.

Namwambia linaendelea. Juzi niliongeza kwamba mpira mmoja umedondosha majani mawili na sijui kwa nini. Akaniambia nisimwagilie, niende na basi la Ijumaa, nimpelekee jani moja na udongo kidogo kwa karatasi.